Ukijifanya shahidi, usijue ya kesho

Nilipokuwa kidato cha tano, mwalimu wetu wa historia alitupa zoezi: jifanye mwanafunzi uliyekuwa Washington tarehe 4 Machi 1865, Abraham Lincoln akiapishwa kwa muhula wa pili, kisha umwandikie mama yako barua. Nikajaza kurasa tatu, nikaanza na "Shikamoo mama" (hilo alinisamehe), na mahali nikaandika kwa majivuno: "Nilimwona John Wilkes Booth, muuaji wake, akimtazama kwa chuki."

Barua ilirudi na wino mwekundu pembeni: "Ulijuaje?"

Booth alikuwepo kweli siku ile. Lakini Lincoln alipigwa risasi tarehe 14 Aprili. Mwanafunzi wangu angemtambua Booth kama mwigizaji maarufu, basi.

Siku hizi wadogo zangu wakiniletea insha za namna hii, nawauliza kwanza: huyu shahidi wako amesimama wapi? Ukimweka nje, mbele ya jengo la Bunge, mpe matope, maana mvua ilinyesha na Barabara ya Pennsylvania ilikuwa tope tupu. Mpe askari weusi wakipita kwenye gwaride, jambo ambalo uapisho wa rais wa Marekani ulikuwa haujaliona. Mpe jua lililochomoza Lincoln aliposimama kuhutubia. Ila usimpe Andrew Johnson. Makamu huyo wa Rais aliropoka ndani, ukumbini mwa Seneti, wiski ikiwa imempanda kichwani. Wa nje walipata uvumi. Na mimi naupenda uvumi kuliko kisa chenyewe: watu wawili wanabishana, hakuna hata mmoja aliyeona.

Hotuba ya Lincoln ilikuwa fupi, maneno kama 700, na vipaza sauti havikuwepo. Aliye nyuma asinukuu aya nzima kama redio.

Jioni, polisi walimzuia Frederick Douglass, mtetezi mweusi wa kukomesha utumwa, mlangoni pa Ikulu, hadi Lincoln alipopata habari ndipo akaruhusiwa kuingia. Kisa kitamu, mkono unakuwasha kukiandika. Kama shahidi wako hakuwa pale mlangoni, kiache.

Barua yangu niliiandika upya. Booth nilimfuta. Mahali pake nikaweka kiatu kilichonasa topeni, na nusu ya hotuba iliyompita mtoto wa watu akihangaika kukichomoa.