Re: Mama kaambiwa achomwe sindano ndani ya jicho, inauma?

Pole mkuu. Umeuliza kama inauma na kama mama ataona tena kama zamani. Maumivu wala usiogope, wanaweka matone ya ganzi, wanasafisha kwa iodini, wanambana kope asifumbe, sindano yenyewe sekunde tu, bi mkubwa wangu alilalamikia ile iodini iliyomuwasha usiku kucha kuliko sindano. Kuona sasa: dawa inazuia ile mishipa mibovu ya nyuma ya jicho isivuje, wengine wanapata nafuu ila kilichokufa hakirudi, ndo maana usiruke tarehe, mwanzoni huwa kila mwezi. Sisi tuliruka miezi miwili kisa hela, akawa hawezi kusoma hata meseji. Ulizia Avastin, ni moja ya dawa za sindano hiyo, huwa ina bei nafuu kuliko wenzake Lucentis na Eylea. Baada ya sindano jicho likiuma sana au kuona kukipungua ghafla, rudini siku hiyohiyo, msisubiri kesho. Halafu akianza kuona watu au maua ambayo hayapo msikimbilie kwa mganga, ni ubongo unajaza pengo la kile jicho lisichokiona tu, wangu alikuwa anafukuza kuku sebuleni na sisi kuku hatufugi 😅