Tawi Kwanza, Madai Baadaye

Msomaji mmoja ameniandikia akiuliza kwa nini aendelee kukatwa ada ya chama cha wafanyakazi kila mwezi, ilhali hajawahi kumwona kiongozi yeyote akizungumza na mwajiri wake. Tangu nichaguliwe kuwa mwakilishi wa tawi katika kiwanda kimoja jijini Dar es Salaam, swali hilo nimeulizwa mara nyingi, na kila mara nami huuliza: tawi lenu lina wanachama wangapi?

Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inakipa chama haki ya kutambuliwa kuwa wakala pekee wa majadiliano, yaani msemaji wa wafanyakazi mbele ya mwajiri, pale kinapowawakilisha wafanyakazi walio wengi katika eneo husika. Sisi tulianza wachache, tukaitwa wachochezi hata na wenzetu tuliokula nao sahani moja. Mimi niliondolewa kwenye mashine nikapelekwa ghalani, na waliocheka siku ile nawakumbuka hadi leo. Fomu za TUF 6, ambazo mfanyakazi huzitia saini kuruhusu akatwe ada ya chama, tulizijaza moja moja wakati wa kubadilishana zamu, nje ya geti, karatasi ikiwa juu ya tangi la maji, kwa sababu akina mama wa zamu ya usiku waliogopa kuonekana wakitia saini ndani. Tulipovuka nusu, ofisi ya mwajiri, ambayo haikuwahi kuwa na nafasi ya kutuona, ilituita kwa barua. Leo tuna mkataba wa hali bora, yaani makubaliano ya maandishi kati ya chama na mwajiri, na ile nyongeza ya asilimia 5 kwa kila saa ya usiku, ambayo imo ndani ya sheria miaka yote, sasa inaonekana kwenye hati ya mshahara. Najivunia kazi hiyo.

Kwa hiyo jengeni tawi, na mchague wawakilishi wanaosoma sheria. Mwenzetu mmoja aliitwa asubuhi kwa tuhuma za wizi, akatakiwa kujitetea mchana uleule. Niliingia naye, nikaomba kikao kiahirishwe, kwa kuwa Kanuni za Utendaji Bora za mwaka 2007 zinampa mtuhumiwa muda wa kujiandaa ambao kwa kawaida haupungui saa 48. Kikao kiliporudi, daftari la ghala lilionyesha kwamba mzigo ule ulitoka katika zamu ambayo yeye hakuwapo, na mpaka sasa yuko kazini. Anayefukuzwa isivyo halali naye asikae nyumbani akilalamika, maana ana siku 30 tu za kufungua shauri katika Tume ya Usuluhishi na Uamuzi.

Mkifika kwenye meza ya majadiliano, msidai nyongeza kwa kukisia. Chama kinachotambuliwa kina haki ya kupewa taarifa zitakazokiwezesha kujadiliana ipasavyo, basi ziombeni mapema kwa maandishi, barua ipokelewe kwa muhuri na nakala ibaki tawini, isije ikadaiwa kuwa haikufika.