Injini moja ikizima, ndege hubakije angani?

SWALI: Ndege ya injini mbili ikipoteza moja wakati wa kuruka, kwa nini haianguki?

JIBU: Kwa sababu sheria haiiruhusu ndege kubeba uzito ambao injini moja haiwezi kupandisha. Kabla ya kuondoka, marubani hukokotoa kasi iitwayo V1. Injini ikizima kabla ya kasi hiyo, wanafunga breki. Ikizima baadaye, wanaruka, maana njia iliyobaki haitoshi kusimama.

Ugumu wa kwanza ni mwelekeo. Injini nzima husukuma upande mmoja, pua ikageukia ile iliyokufa. Rubani hukanyaga pedali ya usukani wa mkia upande wa injini nzima, kisha magurudumu hukunjwa ili kupunguza ukinzani wa hewa. Hata hivyo uwezo wa kupanda hupungua kwa zaidi ya nusu, kwani msukumo mwingi unaobaki hutumika kushinda ukinzani tu. Magurudumu yakishakunjwa, ndege lazima iweze kupanda angalau mita 2.4 kwa kila mita 100 za mbele.

Hatari kubwa ni haraka. Mwaka 1989, karibu na Kegworth, Uingereza, marubani wa Boeing 737 walizima kimakosa injini iliyokuwa nzima badala ya ile iliyoharibika. Watu 47 walikufa. Ndiyo maana ndege hutulizwa kwanza, angalau hadi futi 400, na marubani wote wawili huthibitisha ni injini ipi iliyoharibika kabla ya kugusa swichi ya mafuta.