Kituo cha Zimamoto Kikihamia Jirani Yako, Anza na Daftari

Wiki iliyopita dada mmoja wa kule Nakuru aliniandikia usiku wa manane. Kituo cha zimamoto kimefunguliwa nyuma ya ploti anayopanga, king'ora kinalia saa yoyote, na mtoto wake wa miezi 5 siku hizi anaamka akilia hata usiku ambao hakuna kilicholia. Mwisho wa ujumbe aliuliza, "Mama Kuku, wewe ulifanyaje mpaka wakakusikia?"

Nilimpigia tukaongea karibu saa nzima. Lakini najua hayuko peke yake. Wengi mnaonifuata hapa mna hamu ile ile niliyokuwa nayo mimi: kutoka nyumba ya kupanga, kupata kipande chako karibu na lami, kuweka kuku wa mayai 300 au 500 na kulipa karo bila kumkopa mtu. Na kipande cha karibu na lami ndicho hicho hicho ambacho kaunti inakitafuta ikitaka kujenga kituo cha zimamoto, kwa sababu gari lazima litoke haraka. Kwa hivyo someni, hata kama leo kwenu kumetulia.

Mji wangu ni mdogo, uko kando ya barabara ya Kisumu kwenda Busia. Una stendi, soko, makanisa manne na kinu cha unga. Kituo kilipokuja nilikuwa kati ya waliopiga vigelegele. Mafundi walipokuwa wakijenga ukuta niliwapelekea chai kwenye birika langu kubwa la chama. Sisi wa barabara hii hatuhitaji kuambiwa moto ni nini. Julai 2021 lori la mafuta lilipata ajali pale Malanga, Gem, watu wakaenda na mitungi kuchota, likalipuka na kuua zaidi ya watu 10. Miaka 12 kabla ya hapo, tarehe 31 Januari 2009, Sachang'wan karibu na Molo, mambo yalikuwa hayo hayo, na waliokufa walipita 100. Mtu akisema tunahitaji zimamoto, mimi ni wa kwanza kuinua mkono.

Ya mkopo, mabati na vifaranga nayaacha. Turuke mpaka wiki ya 20, kuku wangu 300 walipoanza kutaga.

Kutoka geti la kituo mpaka ukuta wa banda langu ni hatua 60, nimezihesabu. Usiku mmoja saa tisa gari lilitoka na king'ora kikiwa juu, na honi ile ya upepo ikapigwa mara tatu getini. Nilisikia banda zima likipaa. Si kuku mmoja mmoja, ni kishindo kimoja, kama gunia limeangushwa kwenye bati. Kisha kimya. Niliwasha tochi, nikapapasa kandambili, na nilipofungua mlango sikuona kuku sakafuni. Wote walikuwa kwenye pembe ya nyuma, wamepandana mpaka kiunoni mwangu. Wa juu walikuwa wamesimama wakinitazama, macho yanang'aa. Nikaanza kuwatoa kwa mikono miwili miwili, nikiwarusha nyuma yangu kwenye maranda. Nilipofika chini walikuwa bado na joto, lakini shingo zimelegea. Niliwapanga kwenye ukuta mpaka adhana ya alfajiri. Walikuwa 37.

Asubuhi niliokota yai halina ganda. Lilikuwa na ngozi tu, linatikisika kiganjani kama kifuko cha maji. Kuku akishtuka vibaya yai hutoka kabla halijavikwa ganda. Wiki hiyo yalikuja mengi ya namna hiyo, na trei 8 za kila siku zikashuka hadi 6, kisha 5. Nikikumbuka sasa bado kifua kinabana. Nilikuwa nimemwahidi kijana wangu karo ya muhula ule.

Kosa langu la kwanza lilikuwa kwenda kituoni siku ile ile. Nilisimama getini nikapayuka. Vijana wa zamu walinisikiliza kwa heshima, wakanipa pole, na saa kumi na mbili jioni wakabadilishana zamu na kupiga king'ora cha majaribio kama kawaida. Ndipo nikaelewa kwamba mimi nilikuwa na hasira na wao walikuwa na ratiba, na hasira haina cha kuonyesha mezani.

Nikanunua daftari la kurasa 96. Kila kilipolia niliandika tarehe, saa, muda kilicholia, gari limeelekea wapi, na kama lilirudi baada ya dakika 10 au baada ya saa 3. Usiku niliandika kwa mwanga wa simu. Wiki 6 bila kuruka hata siku moja. Nilipokwenda matanga Butere, dada yangu alibaki akiandika. Ukitaka ushauri wangu mzima ni huo: andika. Ukichoka, andika.

Huku naandika, nikawa nasoma. King'ora cha gari la zimamoto hutoa kati ya desibeli 110 na 120 (desibeli ni kipimo cha ukubwa wa sauti) ukiwa mita chache mbele yake, na sauti hupungua kama desibeli 6 kila umbali unapozidi mara mbili. Fanya hesabu mpaka hatua 60 na utakuta bado uko kwenye 90 hivi. Mfanyakazi anayekaa saa 8 kwenye desibeli 85 huambiwa avae kinga ya masikio. Kisha nikapata kanuni za kelele za mwaka 2009 zinazosimamiwa na NEMA, mamlaka ya taifa ya mazingira. Nje ya nyumba za makazi kiwango ni desibeli 50 mchana na 35 usiku, na usiku wa kanuni hizo unaanza saa mbili jioni mpaka saa kumi na mbili asubuhi. Nilipiga makofi peke yangu jikoni. Nikaendelea kusoma, mikono ikashuka: sauti ya kutahadharisha watu juu ya dharura imeachiliwa, haibanwi na viwango hivyo. Na ni haki iachiliwe. Lakini soma neno lenyewe, dharura. Kubadilisha zamu si dharura. Kusindikiza mgeni wa harambee si dharura. Kupeleka maji ya kunyunyiza uwanja ili vumbi lisiwapate wakubwa si dharura. Hapo nikajua kesi yangu iko wapi.

Kitu kingine wengi hawakijui: Katiba ya 2010, kwenye Jedwali la Nne, imezipa kaunti huduma za zimamoto, na jedwali hilo hilo limezipa kaunti kazi ya kudhibiti kelele. Aliyelileta gari ndiye mwenye jukumu la kulinda usingizi wako. Usikubali kuzungushwa kutoka ofisi hadi ofisi ukiambiwa hilo ni la Nairobi.

Sasa nifike kwenye baraza la chifu, na hapa nitasema ukweli kwa sababu bado panauma. Nilikuwa nimezungukia nyumba 14 na daftari langu, na watu 11 walitia sahihi barua yangu ya malalamiko. Wa kwanza kutia sahihi alikuwa rafiki yangu wa chama, tumeshikana mikono miaka 9, nimembebea mtoto wake mgongoni. Siku ya baraza chifu aliuliza ni nani wana lalamiko juu ya kituo. Nikasimama. Kabla sijafungua daftari, rafiki yangu huyo akainuka upande wa pili akasema, "Huyu mwenzetu anataka zimamoto iondolewe kwa sababu ya kuku wake. Mmesahau Malanga?" Watu wakaguna. Mzee mmoja akaniambia nikae chini. Niliwatafuta wale 10 waliobaki kwa macho, kila mmoja akawa anatazama viatu vyake.

Nilienda nyumbani nikalia. Siku 4 sikumwuzia mtu yai pale mjini, nilipeleka yote soko la Kibuye, Kisumu. Hata leo yeye nikikutana naye sokoni tunasalimiana, tunaulizana habari za watoto, basi. Nimesamehe, lakini siwezi kuandika hapa kwamba nimesahau.

Siku ya tano nilifanya kitu ambacho kingepaswa kuwa cha kwanza. Niliomba kukaa na msimamizi wa kituo, sisi wawili, mimi na daftari langu, yeye na kitabu chake cha matukio. Nilikwenda na trei moja ya mayai, si ya kumhonga, ni ya kuonyesha ni nini tunachozungumzia. Tukapanga vitabu viwili mezani tukaanza kulinganisha mstari kwa mstari.

Daftari langu lilikuwa na milio 118. Milio 84 ilikuwa majaribio ya zamu, asubuhi na jioni, na hiyo hakubishana nayo. Ilibaki 34. Kati ya hiyo mimi nilikuwa nimeandika "bure" kwenye 23. Tulipofika ya tarehe moja, saa nane na dakika 20 usiku, nimeandika kwa kalamu nyekundu "bure, dakika 12 tu wamerudi," yeye akageuza kitabu chake taratibu nikasome. Nyumba ya nyasi, jiko la mkaa, bibi wa miaka 80 na zaidi ametolewa akiwa hai. Walirudi haraka kwa sababu nyumba haikuwa mbali na moto haukuwa mkubwa. Mimi nilikuwa nimelala kitandani nikiandika bure.

Nilinyamaza. Naye hakunikemea, akasema tu, "Tuendelee, mama." Mwisho wa yote dharura za kweli zilikuwa 16, moto 11 na ajali 5. Bure zilikuwa 18. Nilikosea mara 5. Nilimwomba radhi kwa zile 5, na yeye akakubali zile 18. Sidhani angezikubali kama nisingeomba radhi kwanza.

Ndipo akanieleza upande wao, na ninyi pia mjue. Dereva anapotoka getini hana kinga nyingine. Akigonga bodaboda bila king'ora, yeye ndiye atakayeulizwa kwa nini alikuwa mbio. Wanapima kila zamu kwa sababu king'ora kikikwama barabarani ni hatari. Nilimwuliza kama lazima kipimwe kwa sauti kamili, gari likiwa limeelekea nyumba zetu. Alifikiri kidogo, akacheka, akasema hakuna aliyewahi kuuliza.

Tulikubaliana hivi. Jaribio ni moja kwa siku, saa tatu asubuhi, sekunde 2, mdomo wa gari ukielekea barabarani. Usiku gari linatoka getini kwa taa peke yake, king'ora kinaanza kwenye makutano ya stendi ambapo kuna watu na magari. Honi ya upepo haipigwi getini. Safari zisizo za dharura, hakuna king'ora kabisa. Nilimwomba aandike, akaandika, nikapeleka nakala kwa msimamizi wa wadi. Hiyo ni miezi 7 sasa, na wamevunja mara 2 tu. Trei zangu zimerudi 8. Ninajivunia, siwezi kuficha. Mwanamke mmoja na daftari la kurasa 96.

Kama msimamizi wako si mwungwana kama wangu, njia ipo. Sheria ya Serikali za Kaunti ya 2012 inampa kila mwananchi haki ya kuwasilisha ombi kwa kaunti yake. Andika barua kwa karani wa bunge la kaunti, ambatisha nakala za daftari, taja saa na tarehe. Usiandike "kelele zimezidi." Andika "saa kumi na moja na nusu alfajiri, sekunde 40, gari halikutoka."

Na ninyi mnaofuga, banda lenu lisiwe na pembe kali. Ziba pembe kwa mbao au waya ziwe mviringo, kuku wakikimbilia pale wateleze wasipandane. Acha balbu moja hafifu usiku, kwa sababu kuku hupandana zaidi gizani wakiwa hawaoni wanakoelekea. Weka redio ya sauti ya chini mchana kutwa, wazoee kwamba dunia ina sauti. Kwa mtoto, hamisha kitanda kwenye ukuta ulio mbali na kituo, na zibeni nafasi iliyo kati ya ukuta na mabati na ile ya chini ya mlango, huku mkiacha dirisha la upande wa pili la kuingiza hewa. Pazia zito pekee halisaidii sana, sauti hupita palipo wazi. Na uandike.

Jamani, niseme neno kwa wanaotumia ving'ora hovyo, nao wanasoma hapa. King'ora ni kilio. Mtu anapolia tunaacha chakula tunakimbia, ndivyo tulivyolelewa. Ukilia kila siku ukienda kunywa chai, siku nyumba yako inawaka mwenye matatu hatakupisha, atasema ni wale wale. Mheshimiwa anayesindikizwa na gari la zimamoto akienda harambee anakula akiba ya bibi wa nyumba ya nyasi. Mkiona hivyo msinyamaze, na msitazame viatu vyenu barazani.

Marekani, kwenye miji midogo mingi, zimamoto ni watu wa kujitolea, na king'ora huwekwa juu ya mnara ili kuwaita kutoka makazini mwao. Baadhi ya miji hiyo hukipiga kila siku saa sita mchana kukijaribu, na majirani huko nao hulalamika, wengine wakikitetea kama sehemu ya mji. Binamu yangu anayeishi huko aliponisimulia nilipata nguvu. Nilijua sikuwa kichaa.

Dada wa Nakuru, usiende getini na hasira kama mimi. Chukua daftari leo, hata la mtoto wa shule. Tarehe, saa, muda, gari limeelekea wapi, limerudi lini. Safu ya mwisho, ile ya "bure," iache wazi mpaka ukae na kitabu chao. Ukifikisha wiki 3 nipigie, tuandike barua pamoja.