Mwanangu ana usonji: je, mbwa wa kawaida atamsaidia?

SWALI

Habari za kazi, daktari. Nina mtoto wa kiume wa miaka 7 mwenye usonji. Ana maneno machache, hulala kwa shida, na kelele ya ghafla humfanya azibe masikio na kupiga mayowe. Rafiki yangu mwenye mtoto kama wangu alichukua mbwa mwaka jana, na anasema nyumba yao imetulia. Binti yangu wa miaka 10 naye ananiomba mbwa kila siku. Mume wangu anasita, anaogopa mtoto ataumwa. Nauliza: mbwa wa kawaida, ambaye hajafundishwa kazi yoyote maalumu, anaweza kumsaidia mwanangu kweli, au najidanganya? Na tukiamua kumchukua, tuanzie wapi?

JIBU

Mama, hujidanganyi. Mbwa wa kawaida wa nyumbani anaweza kumfaa mwanao. Ila nianze na jambo ambalo wazazi wengi hawalitarajii: katika familia nilizozifuata kwa karibu, mara nyingi mtu wa kwanza kupata nafuu hakuwa mtoto. Alikuwa mama, au yeyote anayebeba sehemu kubwa ya malezi.

Si mimi peke yangu niliyeliona hilo. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Lincoln, Uingereza, walizifuatilia familia zenye watoto wenye usonji zilizochukua mbwa wa kawaida, wakazilinganisha na zile zisizochukua. Matokeo waliyoyachapisha mwaka 2015 yalionyesha kuwa msongo wa walezi wakuu ulipungua katika familia zilizochukua mbwa. Ukilifikiria, utaona linaingia akilini. Mbwa anakutoa nje hata siku ambayo ungejifungia. Mtu ambaye jana alipita mbali alipomwona mwanao akipunga mikono, leo anasimama kuuliza mbwa anaitwa nani. Na unaporudi nyumbani ukiwa umepumua kidogo, mtoto anakutana na mama mwingine kabisa.

Sasa tuje kwa mtoto mwenyewe. Utafiti ninaopenda kuwasimulia wazazi ulifanyika Montreal, Kanada, ukachapishwa mwaka 2010. Watoto 42 wenye usonji walipimwa mate ili kuona kiwango cha kotisoli, homoni inayohusiana na msongo, ambayo kwa kawaida hupanda kila asubuhi mtu anapoamka. Kabla ya mbwa kuingia nyumbani, kotisoli ya asubuhi ilikuwa ikipanda kwa asilimia 58. Mbwa walipokuwepo ilipanda kwa asilimia 10 tu. Walipoondolewa kwa muda, ikarudi kupanda kwa asilimia 48. Usifurahi haraka, kwa sababu mbwa wale walikuwa wamefundishwa kazi, na wastani wa kotisoli wa siku nzima haukubadilika. Kilichobadilika ni ile asubuhi. Lakini wewe mwenyewe unajua asubuhi ilivyo: mswaki, soksi yenye mshono unaomkera, shati ambalo si lile la jana. Asubuhi ikipoa hata kidogo, si jambo dogo.

Kwa nini mbwa, hasa? Nikueleze nilichokiona kwa macho yangu. Kulikuwa na mvulana wa miaka 8 ambaye familia yake ilichukua mbwa mzee, mpole, mwenye mvi mdomoni. Wiki tatu nzima mtoto hakumgusa. Alikaa hatua mbili kutoka alipolala mbwa, amempa mgongo, akipanga vifuniko vya chupa sakafuni kwa mstari ulionyooka. Wiki ya nne ule mstari ukaanza kupinda. Kila siku ulimsogelea mbwa kidogo, mpaka alasiri moja kifuniko cha mwisho kikagusa ukucha wake. Mbwa akafumbua jicho, akalifumba. Mtoto akaweka kiganja ubavuni mwake, akakiacha hapo kikipanda na kushuka kwa pumzi za mbwa. Akasema, “Juu.” Kisha, “Chini.” Mama yake alikuwa amesimama mlangoni na taulo mkononi, hathubutu kuingia.

Hakuna aliyekuwa amemwambia “mtazame usoni” wala “msalimie”. Hilo ndilo mbwa mtulivu anaweza kumpa mtoto kama wako, na sisi watu wazima, pamoja na mapenzi yetu yote, tunashindwa: kuwa karibu naye bila kumdai kitu. Watu humtaka ajibu kwa haraka, aelewe utani, asome sauti na uso kwa wakati mmoja. Mbwa hana maneno ya kufasiriwa. Anakula saa ileile, anatoka saa ileile, na mtoto anayetulizwa na ratiba hupata kiumbe anayeipenda ratiba kama yeye.

Umri wa mwanao nao si kikwazo. Utafiti mmoja wa Ufaransa wa mwaka 2012 uliwaangalia watoto wenye usonji ambao mnyama wa kufugwa aliingia nyumbani baada ya wao kutimiza miaka 5, na ukaona mabadiliko katika mambo mawili: kumgawia mwenzake kitu, na kumfariji mtu mwenye huzuni au maumivu. Kundi lilikuwa dogo, na wanyama hawakuwa mbwa tu, kwa hiyo nautaja kama tumaini, si kama ahadi.

Mambo ambayo mbwa hatayafanya nitayasema kwa ufupi. Hataondoa usonji. Hatachukua nafasi ya mtaalamu wa matamshi wala tiba nyingine mnazoendelea nazo. Kuhusu usingizi siwezi kukuahidi kitu. Wapo watoto wanaotulia mbwa akiwa chumbani, na wapo wanaoamshwa na kila anapojikuna. Na kama mwanao ana tabia ya kutoroka, tafadhali usimfunge kwa kamba kwenye mbwa wa kawaida kwa sababu uliona picha ya mbwa wa msaada akifanya hivyo. Wale hufundishwa kwa miezi mingi, na kamba husimamiwa na mtu mzima. Mbwa wa nyumbani akiona paka ng'ambo ya barabara, ataondoka na mtoto.

Hofu ya mumeo ni ya kweli, na ningependa umpe kazi badala ya kumshawishi. Awe yeye mlinzi wa kanuni za nyumba. Mbwa karibu kila mara hutoa onyo kabla ya kuuma, lakini onyo lake ni la kimyakimya, na mwanao huenda asilione. Mbwa aliyechoka na kukumbatiwa hujilamba midomo ingawa hakuna chakula. Hupiga miayo ingawa hana usingizi. Hugeuza kichwa pembeni, weupe wa jicho ukatokeza, mkia ukaingia katikati ya miguu. Dalili ninayoiogopa kuliko zote ni mwili kukakamaa: mbwa aliyekuwa akihema anafunga mdomo na kutulia kama gogo. Hapo mwondoe mtoto taratibu, bila kelele. Akinguruma, usimkaripie, kwa maana mbwa aliyezoeshwa kutonguruma ndiye anayeuma “ghafla”.

Kwa hiyo mtoto na mbwa wasiachwe peke yao hata kwa dakika ya kuepua chungu jikoni. Mtengee mbwa pembe yake, mkeka au kibanda, ambako mtoto haruhusiwi kumfuata kamwe. Weka alama ya rangi sakafuni, na picha ya mbwa amelala. Kwa watoto wengi hawa picha husikika kuliko maneno. Kwenye chakula na mfupa asisogelewe. Shingo haikumbatiwi, tunagusa ubavu au kifua, kwa kiganja kilichofunguka. Mfundishe kwanza kwa mwanasesere wa mbwa, wiki nzima kama itabidi.

Binti yako mpe nafasi ya kweli. Ndugu wa mtoto mwenye usonji huzoea kusubiri zamu ambayo haifiki. Kumfundisha mbwa kukaa na kuja anapoitwa kunaweza kuwa kitu chake mwenyewe. Lakini ulinzi wa mdogo wake usiwe mzigo wake, wala kulisha na kusafisha kusimtegemee yeye. Mbwa wengi huishi miaka 10 hadi 13. Binti atakuwa ameshaondoka nyumbani, na wewe bado utakuwa unamhudumia mbwa. Kama wewe na mumeo hamumtaki kwa ajili yenu wenyewe, msimchukue.

Mkimtaka, nawashauri msichukue mtoto wa mbwa. Najua anapendeza, lakini huyo huuma kila kitu meno yanapoota, hulia usiku, hukojoa ovyo, na hurukia kila kinachokimbia. Kwa mtoto anayesumbuliwa na mguso na kelele za ghafla, huo ni mtihani mkubwa. Tafuteni mbwa mzima wa miaka miwili au mitatu kwenda juu, ambaye tabia yake inajulikana, aliyekwisha kuishi na watoto, na asiyebweka ovyo. Aina ya mbwa naipa uzito mdogo kuliko watu wengi wanavyodhani; mtazameni mbwa huyu mmoja aliye mbele yenu. Angusheni sufuria hatua kadhaa kutoka alipo. Mbwa anayeshtuka kisha akaja kunusa sufuria anawafaa. Anayejificha nusu saa, au anayekuja juu kwa hasira, hawafai.

Kabla hajaingia ndani apitie kwa daktari wa mifugo: chanjo ya kichaa cha mbwa, dawa za minyoo, viroboto na kupe. Chanjo hiyo haina mjadala. Mbwa ndio chanzo cha hadi asilimia 99 ya maambukizi ya kichaa cha mbwa kwa binadamu, na ugonjwa huo dalili zikishaanza karibu kila mara huua. Mtoto akiumwa au kukwaruzwa na mbwa yeyote, osha jeraha kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15, kisha hospitali siku hiyohiyo, hata kama mbwa ana chanjo. Mwanao huenda asiseme kuwa ameumwa, kwa hiyo jizoeze kumkagua mikono na miguu wakati wa kumwogesha.

Umeniuliza muanzie wapi. Anzeni na sauti. Mwekee mwanao sauti ya mbwa anayebweka kwenye simu, ndogo sana, akiwa anafanya anachokipenda, uiongeze kidogokidogo kwa siku nyingi, na uzime kabla hajainua mikono kuziba masikio. Akiivumilia, mwombe rafiki yako muende kumtembelea mbwa wake. Kaa wewe karibu na mbwa, mwanao mwache achague umbali wake. Usimwambie amguse. Akitaka kuondoka baada ya dakika mbili, ondokeni, na wiki inayofuata mrudi tena.