Kidonda cha shavuni kisichofunga

Dada, kidonda cha baba yako kinachokauka, kikabanduka gamba na kutoa damu tena kwa miezi miwili si cha kusubiri. Kidonda kidogo cha usoni kwa kawaida hupona ndani ya wiki 2 hadi 3. Kikipita wiki 4 mpeleke, hata kama hakiumi, maana saratani ya ngozi mara nyingi haiumi mwanzoni. Na mzee amelima kwenye jua hili la Dodoma miaka yote! Pale hospitali ya General au ya Benjamin Mkapa wanaweza kukata kinyama kidogo wakipime. Krimu za dukani acheni kabisa. Akivimba karibu na jicho au akipata homa, nendeni siku hiyohiyo, hata usiku. Mwenye ualbino asingoje hata hizo wiki 4.