Jirani si jipu: "tuvumiliane" au "tuchukuliane"?

Swali: Asalaam aleikum, mwalimu. Hapa Malindi tulikuwa na kikao cha mtaa, afisa mmoja akatusihi "tuvumiliane, Waislamu na Wakristo, wenyeji na wageni". Mzee mmoja akainuka: "Jirani yangu si jipu. Nimvumilie, kwani ana nini?" Watu wakacheka, nami nikabaki na swali. Afisa alikosea wapi? La pili: mwenye nyumba wangu hunisubiri kodi hadi tarehe 15. Nilimsifu mbele ya watu kuwa ni "mlegevu", akaninunia. Ningesemaje?

Jibu: Waaleikum salaam. Mzee wenu ana sikio zuri. Sarufi ya afisa haina ila, na kamusi itamtetea, lakini kuvumilia kwanza ni kwa maumivu: jino, njaa, jua la saa saba. Hata "mvumilivu hula mbivu" ni habari ya kungoja tunda liive; hamna mtu anayevumiliwa humo. Ukisema "namvumilia Fulani", atakayekusikia atauliza amekufanyia nini. Na mume na mke tukiambiwa kuwa "wanavumiliana tu", huwa twawasikitikia.

Wengine hukimbilia kustahimili. UNESCO ilipopitisha tamko lake kuhusu jambo hili, ambalo Kiingereza huliita "tolerance", tarehe 16 Novemba 1995, Kiswahili kilipaswa kuipa jina siku inayoadhimishwa kila mwaka tarehe hiyo, na mpaka leo utakuta huku "uvumilivu", kule "ustahimilivu". La pili lina heshima zaidi, ila siku hizi limeelemea upande wa ugumu: mbegu hustahimili ukame, ukuta hustahimili mawimbi. Ukinistahimili mimi, basi nami ni ukame.

Neno ninalolipenda ni kuchukuliana. Kwetu Lamu twasema kutukuliana, kwani Kiamu husema kutukua pale Kiswahili sanifu kinaposema kuchukua, kama macho yalivyo mato. Mji wetu wa kale vichochoro vyake havipitishi gari. Mzigo ukishuka bandarini huenda kwa punda, kwa mkokoteni au kwa bega la hamali. Juzi nilisimama kumtazama hamali mmoja ameinama, mwenziwe amtwika gunia la mchele. Gunia likakaa upande. Yule wa nyuma akalisukuma kwa kiganja, kidogo kidogo, mpaka likatulia shingoni, ndipo akaliachia. Hawakusemezana.

Sasa tazama: himili, stahimili, himila (yaani mzigo) na huyo hamali mwenyewe, wote wametoka katika shina moja la Kiarabu lenye maana ya kubeba. Kuchukua nako ni kubeba, kwa Kibantu. Lugha mbili zimekutana begani! Ila anayestahimili hukaza mgongo peke yake, na wanaochukuliana kila mmoja ana mkono kwenye gunia la mwenziwe. Ndiyo maana twasema "mchukulie alivyo" kwa mtu mwenye tabia ngumu tusiyetaka kumpoteza. Usichanganye na kuchukuana, ambako ni kupatana kwa vitu: kofia na kanzu zachukuana. Afisa angesema "tuchukuliane", mzee asingeinuka.

Kuhusu mwenye nyumba, kununa ana haki. Kulegeza ni sifa ikiwa kinacholegezwa ni kitu: nahodha huilegeza demani, ile kamba ya tanga, upepo ukizidi, mkopeshaji hulegeza masharti. Ukimwita mtu mwenyewe mlegevu umemwambia kuwa hana mshipi. Kwa hiyo taja alichokilegeza, au taja alichokupa. "Amenipa muhula" ni Kiswahili safi kabisa, ingawa shule zimeliteka neno muhula, na wengi wakilisikia hufikiria masomo kwanza. Na pwani tuna tamko tamu zaidi: "ameniona imani", yaani amenihurumia. Asiyejali shida za watu twasema hana imani, wala hatuzungumzii dini yake.

Kudekeza na kuendekeza yaache nje ya habari hii. Anayedekezwa ni mtoto, kinachoendekezwa ni uvivu au tabia mbaya, na yote mawili humlaumu anayetenda. Kufumbia macho nako kuna harufu ya rushwa. Hakimu akimpunguzia mtu adhabu usiseme amemfumbia macho, labda uwe na ushahidi.

Basi ukipeleka kodi tarehe 15, mwambie, tena mbele ya watu wale wale: "Bwana, umeniona imani." Hilo la ulegevu liwe la ninyi wapangaji mkiwa peke yenu.